Kivuko Alicholalia Kapela

Manyoni tulikuwa tumeshaiacha nyuma, jua bado liko mgongoni, ndipo Nyemo aliponiambia kwamba hajawahi kumtania mtu maishani mwake.

"Hata mara moja?" nilimwuliza.

"Shuleni nilikuwa nacheka wenzangu wakitaniana, babu. Lakini mimi mwenyewe kufungua mdomo, hapana."

Nilishika usukani wa pikapu kwa mikono miwili, maana ile barabara ya vichaka vya Itigi haimpi dereva nafasi ya kushangaa. Lakini nilishangaa. Binti huyu wa Kigogo ndiye aliyetengeneza Jembe, chombo cha kutaniana kwa simu, na kwa sababu ya Jembe watu kutoka Newala mpaka Bukoba walikuwa wanataniana kutwa kucha. Sasa tulikuwa njiani kwenda msibani Itobela, mbele ya Tabora. Huko, kabla kaburi halijafukiwa, ilimpasa amtanie maiti mbele ya mjane wake. Akishindwa, kijiji cha Chidilo kingeendelea kukaa bila maji. Na Chidilo ndiko alikozaliwa.

Simu aliyoibandika mbele ya kiti chake ikabisha. Ndivyo mchezo wenyewe unaochezwa kwa Jembe unavyoitwa, Hodi. Ukifika mahali palipochimbwa kitu, simu inabisha. Ukisema karibu, mahali pale panaanza kukusemesha.

"Karibu," akasema Nyemo, kwa mazoea tu.

Ikatoka sauti kavu ya mwanamume. "Msafiri, punguza mwendo. Kibanda cha kijani mkono wa kulia ni cha Mama Stumai. Majani ya chai anayotumia leo ndiyo yaleyale ya Pasaka. Shuka unywe kikombe, umtazame machoni, umwambie ni tamu. Ukiweza kusema hivyo bila kucheka, alama zangu zote chukua."

Mbele ya kibanda walikuwapo wasafiri wamejipanga, vikombe mkononi, mashavu wameyakaza. Mama Stumai mwenyewe alikuwa anacheka kuliko wote, huku anamimina.

"Nani alichimba hii?"

"Msukuma mmoja, fundi baiskeli. Mama Stumai ni Mzaramo. Tangu achimbiwe, ameongeza chumba cha wageni."

Alisema hivyo bila kujisifu, kama anayetaja hali ya hewa. Mimi nimetembea nchi hii tangu simu zikiwa na vitufe, nimefanya kazi na mafundi wa kila namna, na sijaona mtu aliyetengeneza kitu kikubwa namna ile akakizungumzia kidogo namna ile.

*

Walio vijana hawakumbuki michezo ya kwanza ya kutembea ilivyokuwa. Ilikuwa mwenye duka ndiye anayeandika habari za duka lake, na mwenye mji habari za mji wake. Basi kila mahali palikuwa bora. Kila supu ilikuwa ya kwanza Afrika Mashariki. Unatembea siku nzima juani, simu inakusomea matangazo. Watu wakachoka, wakarudi kukaa.

Nyemo aliligeuza jambo hilo kichwa chini miguu juu. Kwa Jembe, hakuna anayeruhusiwa kuchimba kwake. Kwako anachimba mtani wako, na wewe unachimba kwake.

Na Jembe linajuaje nani mtani wa nani? Haliulizi kabila wala halitaki kitambulisho. Watu wawili wanasimama uso kwa uso, kila mmoja anamrushia mwenzake neno, na Jembe linasikiliza kicheko. Nyemo alikaa muda mrefu akirekodi vicheko sokoni, vilabuni, kwenye foleni za zahanati. Anasema kicheko cha adabu kinaanzia mdomoni, lakini kicheko chenyewe kinaanzia tumboni, kinakata pumzi kwanza kabla ya kutoa sauti, na hapo pumzi inapokatika hapaigiziki. Jembe linatafuta hapo tu. Wakicheka wote wawili, wamekuwa watani. Na kitu kilichochimbwa, siku mwenye mahali akikisikia asicheke, kinaanza kunyauka chenyewe mpaka kinapotea. Hakuna haja ya mtu wa kukaa ofisini anafuta matusi.

Mimi nilikuwa mmoja wa wachimbaji wake wa mwanzo, wa kuzunguka vijijini kuwaonyesha watu namna ya kulishika. Niliona wazee wasiosalimiana kwa miaka wakisimamishwa mbele ya simu, mmoja akamtupia mwenzake neno la zamani, mara wote wawili wameshika magoti. Niliona hivyo mara nyingi. Sikuchoka kuona.

Kazi za Jembe ni tatu. Kuchimba, yaani kuweka hadithi au shindano mahali. Kuficha, yaani kuchukua kitu cha mtani ukakiweka pengine akitafute. Na kulala. Hii ya mwisho Nyemo aliitoa msibani. Watu wengi wa bara wanaijua: mtani anafika, analala mlangoni au anaingia kaburini kabisa, hatoki mpaka wafiwa wamkomboe. Katika Hodi mtani halali kwa mwili, anaacha sauti yake tu; akilala mahali pako, mahali hapo panafungwa kwenye ramani ya watu wote kana kwamba hapajawahi kukanyagwa. Panafunguka siku utakapompa anachodai. Kulala hakunyauki. Na hakuna ufunguo wa kumwondoa aliyelala. Nyemo mwenyewe hana.

Wakati analitengeneza, yote hayo yalikuwa mchezo. Halafu wakaja punda wa bati.

Ndilo jina tuliloyapa yale magari madogo yanayojiendesha, yanayobeba maji kutoka kwenye visima virefu kupeleka vijijini. Nchi ya Ugogo ina mito ya mchanga. Kila masika mto unahama, kivuko cha mwaka jana mwaka huu ni tope linalomeza ng'ombe mpaka pembe. Ramani za kupigwa kutoka angani zilikuwa zinazamisha punda kila wiki. Ramani ya Hodi ilichorwa na nyayo za watu wanaocheza, nyayo za jana na za leo asubuhi. Mahali mtu mzima amepita bila kuzama, punda naye anapita. Wenye punda wakaomba waifuate. Nyemo akakubali bure, akafurahi.

Hakufikiri kwamba siku moja mtu atalala kivukoni, akafa.

*

Mtu huyo alikuwa Mzee Kapela, Mnyamwezi wa Itobela, fundi mstaafu wa taa za reli. Alikuwa ndiye mlalaji hodari kuliko wote katika Hodi. Aliwahi kulala kwenye lango la soko zima, akadai muuza nyanya fulani aimbe. Nilimfahamu. Alikuwa akikuona anaanza kucheka kabla hujafika, kwa hiyo unajua umeshachimbiwa mahali.

Alipita Chidilo akitoka kumwona rafiki yake, akalala kwenye kivuko, cha pekee kilichobaki baada ya mvua za mwaka ule. Sauti yake bado ilikuwa inasikika pale:

"Wagogo, hamjambo. Babu zangu walipita hapa na pembe mabegani, mkawauzia maji ya kunywa kwa mikufu na nguo. Mimi sijasahau. Sasa nimelala. Punda wenu hawapiti mpaka mniletee mlenda, na atakayeuleta anipigie magoti."

Chidilo nzima walicheka. Shangazi yake Nyemo, Bibi Mele, ndiye aliyekwenda kuchuma mlenda wenyewe. Wakati chungu kiko jikoni, Kapela alikuwa amepanda treni kurudi kwao. Akasinzia. Kondakta alipomgusa Tabora, hakuamka.

Vijana wa Chidilo walijaribu kukanyaga kivuko kipya juu kidogo, punda wawili wakaingia topeni, wakabaki masikio tu. Kwenda kisimani kwa miguu na kurudi ni safari ya siku nzima kwa ndoo moja. Matangi ya kijiji yakakauka.

*

Ishengoma alipiga simu tukiwa tumesimama kuchaji pikapu kwenye kituo cha njia panda kisicho na kitu ila paneli za jua na mbuzi wanaopenda kivuli chake. Ishengoma ndiye mshirika wa Nyemo. Yeye anashika mambo ya kampuni, Nyemo anashika Jembe.

"Mko wapi?"

"Nusu ya njia," Nyemo akasema.

"Dada, nakuomba kwa mara nyingine. Chonga ufunguo. Fungua kivuko, watu wanywe, halafu utupe huo ufunguo."

"Ufunguo hautupwi, Ishe."

"Ukishautumia, futa."

"Nikishajua unachongeka na wewe umeshajua unachongeka, tunafuta nini? Wale wanunuzi wako watarudi kesho asubuhi."

Kulikuwa na watu wenye fedha waliotaka kulinunua Jembe, na sharti lao lilikuwa hilo moja tu, liwe na ufunguo.

"Warudi basi," Ishengoma akasema. "Mimi nataka watu wanywe maji. Hilo nalo ni kosa?"

"Si kosa."

"Sasa unakwenda kufanya nini kwenye maiti ya watu? Umri wako huo wote sijakusikia ukimwambia mtu hata kwamba amenenepa."

Nyemo alitabasamu kidogo, akakata simu. Nikamwambia ukweli wangu: mimi ningeuchonga. Ningeuchonga nikiwa bado Chidilo, ningeshinda nimelala.

"Najua, babu," akasema. "Lakini Kapela alilala kwa jina lake. Kila mtu Chidilo anajua nani kafunga na anataka nini. Mwenye ufunguo atafunga kivuko usijue ni nani wala anataka nini. Utampikia mlenda nani?"

Nikaona hana jibu la maji, ana jibu la mambo yatakayokuja. Na mtu wa Chidilo hawezi kunywa mambo yatakayokuja. Nililisema hilo pia. Alitikisa kichwa kukubali, akaenda kuwafukuza mbuzi wasile waya.

*

Njia iliyobaki ilikuwa moja, na Nyemo aliiandika mwenyewe bila kujua kwamba itamfikia. Bibi yake alimsimulia kwamba katika msiba wa mtani, watani ndio wenye haki. Wanaweza kushika kitu chochote cha marehemu wasikiachie mpaka wafiwa wajibu kwa mkono au kwa mdomo. Nyemo akaitia katika Jembe kama bibi alivyosema, neno kwa neno: mtani akifika kabla kaburi halijafukiwa, akadai kitu cha marehemu, na mfiwa mkuu akamjibu kwa kicheko, kitu hicho ni chake. Kulala kwa Kapela kilikuwa kitu cha Kapela.

Bibi alisimulia, lakini hakumfundisha kuthubutu.

Tulifika Itobela jua limeshapita utosi. Watu walikuwa wengi, wameketi kwenye maturubai, jeneza liko sebuleni. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, limekwisha kuchimbwa, na wachimbaji wameketi ukingoni wanafuta jasho. Mimi ni Mmakua, kwa Wanyamwezi ni mgeni tu, kwa hiyo nilitoa pole nikakaa pembeni. Nyemo alisimama katikati ya uwanja kwa gauni lake la kijivu, simu mkononi, akaanza kusoma.

"Nimekuja kuchukua mali ya marehemu, mchukuzi wa mizigo ya watu. Nasema, hazikwi mtu hapa. Nasema..."

Akaangalia simu.

Akatokea mtoto mkubwa wa marehemu, Maganga, mwenye duka la dawa mjini, suti nyeusi, macho mekundu.

"Dada, wewe ni nani?"

"Mimi ni mtani. Kutoka Ugogo."

"Mtani gani anasoma kwenye simu?"

Watu wawili watatu walicheka, na hapakuwa na utani katika kicheko hicho. Mzee mmoja akasema mwacheni, ni desturi. Maganga akasema desturi hiyo ilikuwa ya baba yake, na baba yake yumo sandukuni, na ndiyo hiyohiyo michezo ya simu iliyomfanya azunguke juani na umri ule badala ya kukaa nyumbani kupumzika. Akasema kwa upole kabisa, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nyuma yake mjane, Mama Nyamizi, alikuwa ameketi kwenye mkeka, kitenge kichwani, hatazami mtu.

Nyemo akarudi kwenye pikapu.

*

Nilimfuata. Alikuwa amefungua kompyuta magotini. Sikuwahi kumwona mtu akiandika kwa kasi ile. Vidole vilikuwa vinakwenda huku uso umetulia, kama mwanamke anayesuka ukili huku anazungumza na wageni. Alipomaliza akaigeuza nione.

"Huo hapo," akasema. "Ufunguo. Bado kubonyeza tu."

Simu ikaita. Ilikuwa Bibi Mele kutoka Chidilo, na nyuma yake mbwa wanabweka.

"Nyemo, mbukwa."

"Mbukwa, shangazi."

"Watoto wameanza kunywa lambo la ng'ombe. Mtoto wa Penina anatapika tangu asubuhi. Umefika huko?"

"Nimefika. Wamenikataa."

"Wamekukataa kwa nini?"

"Sijui kutania, shangazi."

"Hilo kweli hujui," akasema.

"Shangazi, nina njia nyingine. Naweza kufungua kivuko sasa hivi kwa kidole. Lakini nikifanya hivyo, Hodi inakuwa ya mwenye kidole. Leo mimi, kesho sijui nani."

"Mimi nataka maji, mwanangu. Hayo mengine ni yako wewe uliyesoma."

Simu ikakatika. Nyemo akaniangalia mimi.

"Bonyeza," nikamwambia. "Mtoto anatapika. Bonyeza, tutagombana na dunia baadaye."

Alikaa pale akiutazama ule ufunguo. Uwanjani walianza kuimba, maana yake jeneza linanyanyuliwa. Akavua viatu. Akaweka kompyuta mapajani mwangu, ikiwa wazi vilevile.

"Wakiniondoa kwa nguvu," akasema, "bonyeza wewe. Sitakulaumu."

Akaenda nyuma ya nyumba bila viatu, hakupitia uwanjani. Nilipogundua anakwenda wapi nikainuka na ile kompyuta mkononi kama mtu aliyebeba sinia.

*

Wachimbaji walimwona Nyemo anateremka kaburini, wakadhani ameangusha kitu. Halafu wakamwona analala chali, mikono kifuani, simu juu ya mikono.

"Dada, toka. Hilo lina mwenyewe."

"Ni refu mno," Nyemo akajibu kutoka chini. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya shangazi yake. "Mlimpima Kapela au mlipima uongo wake?"

Mchimbaji mmoja akaziba mdomo kwa kofia.

Jeneza likafika, limebebwa na wanaume sita wanaotoka jasho, Maganga mbele. Wakasimama. Nyemo akapaza sauti.

"Wanyamwezi, mlibeba pembe za tembo mpaka pwani. Leo mzee mmoja mkavu mmepumzika naye mara ngapi kutoka hapo mlangoni? Mwekeni chini, mvute pumzi. Mimi nimewashikia nafasi."

"Jamani, mtoeni huyu," Maganga akasema, na sauti yake ikavunjika. "Tafadhali. Mtoeni."

Vijana wawili wakasogea. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe. Sitaki kusema uongo: kilikuwa kimeshaanza kushuka.

"Mwacheni."

Alikuwa Mama Nyamizi. Alikuja taratibu, ameshikwa mkono na mwanamke mwingine, akasimama ukingoni akainama kutazama. Alimtazama Nyemo kama anayetazama kitu kilichoanguka kisimani.

"Mgogo wewe," akasema. "Umeomba njiani kote mpaka umefika kuomba kaburi la mume wangu?"

"Sikuomba, mama. Nimekuta kitanda kimetandikwa. Hii ni mara ya kwanza kumwona Mnyamwezi akimpa mtu mahali pa kulala bila kumtwisha mzigo kwanza."

Mtu akakohoa nyuma. Mama Nyamizi hakucheka.

"Unataka nini?"

"Nataka kulala kwake kwa Chidilo. Amekufa ametukalia maji, mama. Yeye amepumzika, sisi koo zimekauka, hata kumlilia hatuwezi."

"Alidai mlenda."

"Ulipikwa. Shangazi yangu aliupika, magoti akayaosha kabisa kwa ajili ya kuyapiga. Yeye akakimbia."

"Akakimbia," mjane akarudia.

"Alipanda treni. Mlenda wetu anaujua. Aliogopa utashuka kooni kabla hajapata nafasi ya kuusema vibaya."

Hapo ndipo pumzi ya Mama Nyamizi ilipokatika. Niliiona kwanza kifuani, kitenge kikatulia, halafu kicheko kikaja kutoka chini kabisa, kikamkunja kiuno, akashika bega la mwenzake. Alicheka mpaka akakaa juu ya udongo mbichi. Na humohumo kilio kikaingia, na wanawake wote nyuma wakakipokea, na Maganga akaweka paji la uso juu ya jeneza.

Simu juu ya kifua cha Nyemo ikabisha mara moja.

"Chukua," mjane alisema sauti yake ilipomrudia. "Chukua huko kulala kwake, ulikuwa mzigo hata kwangu. Lakini hutoki humo bure. Miaka yote sisi ndio tumewabebea watu. Leo beba wewe. Rudisheni jeneza mlangoni."

Wazee wakaangaliana. Jeneza likarudishwa mpaka mlangoni, Nyemo akapandishwa kutoka kaburini na udongo mgongoni, akashika mshikio wa jeneza wa mbele kulia. Maganga alikuwa kushoto. Nilimsikia akimwambia, bila kumtazama, "Kaza mkono, Mgogo. Usimwangushe." Nyemo akajibu, "Nyie wa mjini ndio mnaoangusha." Wakaenda hivyo mpaka nyuma ya nyumba.

Kule Chidilo, punda waliokuwa wamekaa ng'ambo ya mto waliwasha taa zao, wakaanza kuvuka mmoja mmoja. Bibi Mele alitupigia wakati kaburi linafukiwa. Hatukupokea mpaka mazishi yalipokwisha. Mimi nilizima kompyuta, lakini kabla sijaizima nilimpa Nyemo mwenyewe aufute ufunguo, akaufuta, na wote wawili tulijua kwamba unaweza kuchongwa.

*

Mtoto wa Penina alipona. Kati ya wengine watatu waliougua kwa maji ya lambo walipona wawili. Wa tatu, mzee Lechipya, hakupona. Nyemo alikwenda kwa watoto wake akawaambia mwenyewe kwamba alikuwa na njia ya kufungua mapema na hakuitumia. Mmoja wao hamsalimii mpaka leo.

Ishengoma aliondoka katika kampuni mwaka huohuo. Ana mchezo wake wenye ufunguo, unafanya vizuri, na maduka mengi yamo. Alimchangia Nyemo harusi yake.

Maganga bado ana duka la dawa. Muuza vitabu wa jirani yake, Mgogo, amemchimbia mlangoni kwamba dawa yake ya kikohozi ni soda. Wateja wanakwenda kuionja.

Mama Nyamizi aliishi miaka kadhaa. Alipofariki, watu wa Chidilo walikodi basi kwenda kumzika. Bibi Mele alikuwa ameshatangulia kufa kwa uzee, akazikwa kwao.

Nyemo anaishi Dodoma, bado analitengeneza Jembe. Aliongeza jambo moja tu, kwamba mtu akilala mahali panapopita maji au dawa, Hodi inamwuliza kwanza hali yake ya afya. Watu wanaitania sana hiyo.

Hodi ina wachezaji wachache kuliko zamani. Kivuko cha Chidilo kimehama tena na kimelaliwa mara kadhaa, na kila mara maji yamechelewa kufika.